Mama Viraka Awajibu Masonara

Mheshimiwa mgeni rasmi, pamoja na mama uliyekuja naye, Ndugu Mwenyekiti wa Chama cha Masonara, ambaye pia ni kaka yangu wa tumbo moja, ingawa mchana huu ameniita "mpendwa wetu" mara nyingi kuliko alivyowahi kuniita dada, Ndugu Katibu, Ndugu Mweka Hazina, wazee wa chama mliokaa mbele kwa sababu ya umri, na vijana mliokaa nyuma kwa sababu ya simu zenu, wageni waalikwa, na nyie ambao hamkualikwa ila mmesikia kuna chakula: nawasalimu wote. Karibuni kwenye sherehe ya kunistaafisha.

Kwanza niishukuru ngao hii. Katibu ametangaza kwamba ni ya dhahabu. Katibu, mwanangu, umesimama mbele ya ukumbi mzima wa masonara ukasema maneno hayo bila hata kukohoa, nikakuonea huruma. Hii ni shaba iliyopakwa maji ya dhahabu, na aliyeipaka alikuwa na haraka ya kwenda mahali, maana hapa chini ya kitako amepasahau. Nilijua mara tu ulipoiweka mkononi mwangu. Na wazee hawa wa mbele pia walijua. Nimewaona wakitazama dari. Hakuna aliyesema neno. Basi ndugu zangu, kama mngetaka kunipa picha ya chama chenu, msingepata iliyo bora kuliko hii.

Nitaipeleka karakana. Mlango wangu una tabia ya kujifunga upepo ukipita, nitauzuia nayo.

Mwenyekiti amezungumza vizuri. Amesema mimi na yeye tumelelewa kwenye fuawe moja, lile chuma la kugongea, tumekunywa ufundi kwenye kikombe kimoja, na kwamba familia yetu siku zote imekuwa mkono mmoja. Wengine mmepiga makofi. Mama mmoja pale meza ya katikati amefuta machozi. Mama, pole. Naomba uyarudishe machozi hayo, maana sasa nitawasimulia jinsi mkono huo mmoja ulivyofanya kazi, na huenda ukayahitaji.

Nimezaliwa katika nyumba ya masonara. Babu alikuwa sonara, na baba yake kabla yake. Duka letu lilikuwa la pembeni mwa barabara, mbele meza ya kioo, nyuma karakana yenye moshi, na nyuma ya karakana jiko la mama. Ukipita mlango wa kwanza unasikia pesa, ukipita wa pili unasikia nyundo, ukipita wa tatu unasikia mama akikohoa. Baba alikuwa fundi kweli. Sitamnyang'anya hilo. Alikuwa na vidole vinene kama vya mchimba mitaro, lakini vikishika waya wa dhahabu ungedhani anamshika kifaranga aliyetotolewa leo.

Katika nyumba hiyo mtoto wa kiume alipewa nyundo. Mtoto wa kike alipewa ufagio.

Nyie masonara mnajua, ila wageni hawajui: sakafu ya sonara haifagiwi kama sakafu nyingine. Vumbi lake halitupwi. Kila kipande kinachokatwa, kila unga unaotoka kwenye tupa, unaanguka chini, na lazima ukusanywe, uchomwe, uoshwe, mpaka dhahabu ibaki peke yake. Hata aproni ya baba mama aliifulia kwenye beseni lake maalumu, na maji yake hayakumwagwa mpaka yatulie. Hiyo ndiyo ilikuwa elimu yangu. Wakati kaka yangu anafundishwa mezani, mimi nafundishwa na kilichoanguka chini ya meza. Nikifagia chini ya kiti cha baba, napata unga mwembamba kama poda. Nikifagia chini ya kiti cha kaka, napata vipande. Pete nusu. Vipini vya pua vilivyovunjika. Siku moja nilikuta hereni nzima, ameikanyaga ili baba asiione.

Baba alimwita kaka yangu Kipaji. Jina hilo alimpa kabla hajashika nyundo, na alipoishika akawa amechelewa kulibadilisha. Mgeni akiingia dukani baba anamwonyesha: "Huyu ndiye Kipaji wangu, atanipita." Wahenga walisema mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Wahenga hawakumjua kaka yangu. Yeye alisifiwa kabla hata hajapanda mnazi.

Mwenyekiti, usinune. Nilikuambia unipe muda mfupi ukakataa, ukasema leo ni siku yangu.

Ikafika wakati wa Kipaji kuingia katika chama hiki kitukufu. Sharti, kama mnavyojua, ni kuleta kazi ya mkono wako mwenyewe, wazee waikague. Kaka aliamua kutengeneza mkufu wa kusuka, ule wenye pete ndogondogo zinazolala moja ndani ya nyingine kama magamba ya samaki. Alianza kwa mbwembwe. Moto ukamzidi, pete zikayeyuka zikawa tone moja. Akaanza tena. Tone la pili. Mama aliingia karakana akiwa na chai, akaona matone, akaona uso wa mwanawe, akaja jikoni alipokuwa akinifundisha kuchambua mchele.

Akaniambia, "Acha hiyo. Nenda kamalizie kazi ya kaka yako."

Nikamwambia, "Mama, mimi nafagia tu."

Akasema, "Nguo zako nafua mimi. Najua kuna unga wa tupa kwenye mikono ya gauni lako. Nenda. Kazi ifanye, ila mdomo uufunge. Katika nyumba hii ukweli hauna pa kulala."

Nikautengeneza mkufu. Niliufurahia, sitawaficha. Kaka alikaa mlangoni akilinda baba asiingie, akila karanga. Hiyo ndiyo sehemu yake katika ule mkono mmoja.

Wazee wa chama mkaukagua mkufu ule. Mweka Hazina, wewe ulikuwepo, ulikuwa bado na nywele. Uliuweka kiganjani ukasema, na maneno yako yalifika mpaka jikoni kwetu: "Kazi hii ina mkono wa kiume." Nakumbuka nilikuwa nasugua sufuria. Nilicheka mpaka mama akanipiga na mwiko.

Mkampa kaka yangu uanachama, mkampa na chapa. Kwa wageni wasiojua: chapa ni kijichuma kidogo chenye alama, fundi akimaliza kazi anakigonga ndani ya pete au bangili, na alama ile inamwambia mteja, dhahabu hii ni kweli, na mimi fulani nasimama nyuma yake. Ninyi mliuchukua mkufu wangu, mkampa chapa aliyekuwa anakula karanga.

Miaka ikaenda. Macho ya baba yakaanza kuondoka. Kazi ya moto na mwanga ina kodi yake, na baba alilipa yote. Kwanza alishindwa kuona uzi wa dhahabu, kisha nyundo, kisha akawa ananyoosha mkono kutafuta mlango. Duka likawa chini ya Kipaji. Mara likapakwa rangi. Mara likawekwa vioo virefu na taa zinazomulika kutoka chini. Wateja wakajaa. Bei ikashuka, kazi ikaongezeka, na baba akawa anakaa kwenye kiti pale mbele, amevaa kanzu safi, wateja wanamsalimia, na wakiona mzee kama huyo amekaa pale wanatulia. Alikuwa ndiye pambo bora katika duka zima.

Mimi niliendelea kufagia. Na vumbi likaniambia. Nilipolichoma na kuliosha, kilichobaki kilikuwa kinabadilika rangi. Kila mara chekundu zaidi, rangi ya shaba. Mtu anaweza kudanganya mezani, ndugu zangu, lakini sakafu haina aibu.

Nikamwambia kaka. Akaniambia, "Wewe unajua nini? Siku hizi watu wanataka kung'aa, hawataki uzito." Nikamwambia mama. Mama akaendelea kuosha vyombo.

Basi asubuhi moja akaingia muuguzi. Yumo humu, amekaa na wasichana wangu meza ile ya karibu na dirisha, na kama nikisema uongo atanyanyua mkono. Alikuwa amenunua bangili kwetu, ya kwanza maishani mwake, kwa mshahara wake mwenyewe. Akamwendea baba moja kwa moja, hakumjali kaka. Akaweka mkono juu ya kioo.

"Mzee," akasema, "nilinunua hii kwa sababu ya jina lako. Hebu tazama mkono wangu ulivyokuwa." Kisha akakumbuka kwamba baba haoni, akauvuta mkono kwa aibu. Kifundo cha mkono wake kilikuwa na duara la kijani, kama mtu aliyefungwa pingu ya majani.

Baba akanyoosha kiganja. "Nipe."

Akaipokea. Akaipandisha na kuishusha taratibu, kama mtu anayepima yai. Akakaa nayo muda. Kisha akasema, "Leteni jiwe."

Kaka akaingilia kati. "Baba, hakuna haja. Mama huyu anashika dawa za hospitali siku nzima. Dawa zile zinakula kila kitu."

"Nimesema jiwe."

Nani alijua jiwe la kupimia lilikaa wapi? Kaka alianza kufungua droo moja baada ya nyingine kama mwizi katika nyumba ngeni. Nikaweka ufagio chini, nikalitoa juu ya kabati. Ni jiwe jeusi, laini, la babu. Nikasugua bangili ya muuguzi, likaacha mstari. Pembeni yake nikasugua dhahabu safi, mstari mwingine. Nikadondosha tindikali juu ya yote miwili. Mstari wa dhahabu safi ukakaa pale pale. Wa bangili ukatoa povu la kijani, ukafifia, ukaondoka.

Baba akauliza, "Binti yangu, mstari una rangi gani?"

Nataka mlione duka lile. Muuguzi ameshika mkono wake. Mama amesimama kwenye mlango wa nyuma na beseni. Kaka yangu, Mwenyekiti wenu huyu, ananitazama na kutikisa kichwa kidogo sana, kidogo hivi. Na mbele yangu baba, amegeuzia uso wake kwangu, ananisubiri. Tangu nizaliwe hakuwahi kuniuliza swali la kazi. Lilikuwa la kwanza.

Nikajibu. "Hakuna mstari, baba. Ulitoka kijani, ukaondoka. Hii ni shaba. Dhahabu ilipita hapo kusalimia tu."

Ulimi wangu ulikuwa hivi hivi tangu zamani. Msidhani umeharibiwa na uzee.

Baba akainyoosha kanzu yake. Kisha akageukia upande wa muuguzi, akasema kwa ile sauti yake nzuri iliyokuwa inauza kuliko taa zote za kaka: "Mama, utusamehe. Binti yangu hajafundishwa kupima, tindikali imemshinda. Kijana wangu ataisafisha bangili, itarudi kama mpya."

Muuguzi akasema, "Lakini mzee, hata mimi nimeona."

Baba akamwambia, "Wewe ni mteja, mama. Kuona ni kazi yetu."

Ndugu zangu, kipofu alimwambia mwenye macho kwamba kuona ni kazi ya kipofu! Na maneno hayo yameishi. Katika chama hiki ndiyo yamekuwa katiba.

Nililirudisha jiwe juu ya kabati. Nikamkabidhi mama ufagio. Nikatoka kwa mlango wa mbele, ule wa wateja, ambao sikuwahi kuupita tangu nipate akili. Muuguzi alinifuata barabarani. Akaniuliza, "Unajua kutengeneza, au unajua kupima tu?" Nikamwambia najua vyote. Akasema shemeji yake ni fundi cherehani, ana chumba nyuma ya duka, kimejaa vitambaa. Tukavisogeza vitambaa.

Hapo ndipo nilipopata jina langu. Maana wateja wa mwanzo hawakuleta dhahabu ya kutengeneza kitu kipya. Nani angempa dhahabu mwanamke aliyekaa kati ya majora? Walileta vilivyokatika. Mkufu uliovutwa na mtoto, hereni iliyopoteza kulabu, pete iliyobana. Masonara wa mjini mkanicheka mkaniita Mama Viraka. Mlidhani ni tusi. Mimi nilipenda, maana anayeziba viraka ndiye anayejua nguo ilipasukia wapi na nani aliishona vibaya. Kazi zenu zote zilipita mezani kwangu, ndugu wajumbe. Nyie mlionana usoni kwenye mikutano. Mimi niliwaona tumboni.

Nikaomba uanachama, niweze kupata chapa yangu. Mliniita kwenye kikao. Nilileta mkufu, wa kusuka, wa magamba ya samaki. Mzee mmoja akasema, "Mbona unafanana na wa kaka yako?" Nikamwambia, "Ndiyo, mzee. Ni ndugu." Mkaenda kushauriana. Mkarudi. Na Katibu wa wakati ule, marehemu, akasoma uamuzi: kwamba kazi ni nzuri, ila chama hakiwezi kupokea mwanamke kwa sababu jengo halina choo cha wanawake.

Cheka, mheshimiwa, usijizuie. Mimi nililia siku ile, lakini tangu hapo nimecheka vya kutosha. Watu waliokuwa wanaweza kugeuza jiwe la mgodini likawa taji walishindwa kujenga choo!

Mnajua nani alinipatia chapa? Wake zenu. Walianza kuja mmoja mmoja, kwa mlango wa nyuma, kupitia kwa fundi cherehani kana kwamba wanakuja kupima magauni. Mke wa Katibu, mke wa Mweka Hazina, wote. "Mama Viraka, hebu nitazamie hii, mume wangu kaniletea." Nilitazama. Sikuongeza wala kupunguza. Nilisema hii ni kweli, hii ni nusu, hii usiivae mvua ikinyesha. Sijui walikwenda kusema nini nyumbani, ila kikao kilichofuata mlijenga choo, mkanipa na chapa. Mlango wa choo kile mpaka leo una kufuli, na ufunguo anao Katibu.

Sasa nifike kwa baba, maana picha yake imetundikwa hapo nyuma yangu, na chini yake mmeandika "Mzee Asiyejua Uongo".

Alikuja karakana kwangu mchana mmoja, mama akimwongoza kwa mkono. Hakuwa amekanyaga pale tangu nitoke. Sikusimama. Nilikuwa na kazi juu ya fuawe, nikaendelea kugonga. Mama akamkalisha, akaenda mbele kuzungumza na fundi cherehani. Baba alisikiliza nyundo. Baada ya muda akasema, "Unagonga kama baba yangu. Kipaji hagongi hivyo."

Nikageuza kazi, nikagonga upande wa pili.

Akasema, "Siku ile ya yule muuguzi, nilijua. Bangili ilipogusa kiganja tu, nilijua. Shaba na dhahabu havilingani uzito, hata mtoto wangu wa ufagio anajua."

Nyundo ikasimama. Nikamuuliza, "Kama ulijua, baba, kwa nini uliagiza jiwe? Kwa nini uliniuliza mimi?"

Akasema, "Nilitaka udanganye. Nilijua ukisema ni njema, muuguzi atakuamini, kwa sababu wewe si wa duka, wewe ni wa ufagio. Nilidhani utanisaidia."

Huyo ndiye Mzee Asiyejua Uongo, ndugu zangu. Swali pekee la kazi alilowahi kuniuliza, alikuwa anaomba jibu la uongo.

Nilimchemshia chai. Sikujua kitu kingine cha kufanya na mikono yangu. Alikunywa, kisha akasema lililomleta: nirudi dukani, nikae nyuma, niwe natengeneza, na kaka awe anauza. "Jina litapona," akasema. Nikamwambia, "Baba, jina likiugua halitibiwi kwa kumficha daktari jikoni. Kaka amwite yule muuguzi, amwombe radhi mlango wazi, amrudishie dhahabu yake. Siku hiyo nitakuja hata kufagia." Akasema, "Kaka yako hawezi kufanya hivyo." Nikasema, "Na mimi siwezi kufanya hivi." Mama akaja kumchukua. Alipofika mlangoni aligeuza uso, akawa kama anatafuta kuniona. Hatukuonana tena tukiwa wawili peke yetu mpaka alipofariki.

Watu huniuliza kama nimemsamehe. Nilimpenda baba yangu, na nampenda sasa hivi ninavyosema nimempa mgongo. Lakini hilo mlilomwandikia hapo ni uongo, na ingekuwa aibu wa kwanza kuufichua awe mtu baki.

Mheshimiwa mgeni rasmi, utajiuliza kwa nini chama kinachonichukia kimenifanyia sherehe. Nitakuambia, kwa sababu wenyewe hawatakuambia. Juzi Mwenyekiti na Katibu walikuja kwangu na keki. Keki! Kaka yangu, ambaye hakuja mama alipougua, alikuja na keki. Wakaniambia nimechoka, macho yangu yamechoka, nimeutumikia ufundi vya kutosha, chama kinataka kuniaga kwa heshima. Na kama zawadi yangu kwa chama, niwaachie chapa yangu. Iwe chapa ya chama. Kila mwanachama aigonge kwenye kazi zake.

Mmeelewa? Wateja wamejua. Siku hizi mtu akiingia dukani kwenu anageuza pete ndani nje akitafuta alama yangu, asipoiona anairudisha. Basi badala ya kurekebisha dhahabu, mmeona ni rahisi kumstaafisha mwenye alama.

Niliwajibu kwamba jibu nitalitoa leo. Nadhani mlichukulia ni adabu.

Jibu ni hapana. Chapa si pambo, wala si urithi, wala si wimbo wa chama wa kuimbwa na kila mwenye mdomo. Chapa ni mtu anayesema: ukikuta ubaya hapa, njoo, mlango wangu ni huu. Sasa mnataka mteja akikuta ubaya aende wapi? Kaburini kwangu? Wasichana wangu wale wa dirishani niliowafundisha, hata wao sikuwaachia chapa yangu. Kila mmoja ana yake, na kila mmoja anaogopa yake, kama inavyotakiwa.

Na jambo lingine, samahani kwa walioandaa mapambo na muziki. Mimi sistaafu. Hakuna aliyeniuliza. Niliona kadi ya mwaliko kama nyie, nikasema hebu niende nisikie nimeacha kazi kwa sababu gani. Kesho asubuhi nafungua kama kawaida. Na yeyote humu aliyewahi kununua kitu katika duka la familia yangu, au duka lolote la wajumbe hawa, akilete. Nitakitazama mbele ya macho yake, na nitamwambia kilivyo, bila malipo. Mheshimiwa, naona mama anavua mkufu. Mama, usiuvue hapa, kuna masonara.

Kaka. Kaa, bado kidogo, naelekea mwisho.

Nimesema maneno mengi ya kukuumiza, na yote nimeyakusudia. Ila kuna moja sijawahi kukuambia. Siku ile dukani mimi sikukusubiri utetee chochote kikubwa. Ungesema tu, "Baba, ni mimi, nilizidisha shaba," ningerudi karakana nikakae na wewe, nikufundishe kuunga bila kuyeyusha. Ningefanya hivyo kwa furaha, kwa sababu ulikuwa kaka yangu na ulikuwa unanigawia karanga. Hukusema. Hukusema baba alipokuwa hai, hukusema tulipomzika, na mchana huu umesimama hapa ukasema tulikuwa mkono mmoja.

Muuguzi yuko pale. Bangili yake ninayo, alikataa kuiacha kwenu siku ile akanipa mimi, na haijasafishwa mpaka leo. Hakuna anayekuuliza lolote. Wewe ni mtu mzima na ni kiongozi. Mimi nakuachia nafasi tu.

Waheshimiwa, wazee wangu, wageni wetu: nawashukuru kwa masikio yenu, hata yale yaliyowaka moto. Chakula kipo, kuleni, kimelipiwa. Nami nashuka jukwaani.

Fundi mitambo, tafadhali usikizime kipaza sauti. Mwenyekiti anakuja.